Jukwaa la Kuinua Mizigo Gereji: Linapoinama, Kuteleza, Kukwama au Kulia

Jukwaa linalozungumziwa hapa ni la kujitengenezea: fremu ya mbao au chuma iliyofunikwa plaiwudi, kamba nne za chuma zilizoshika pembe zake, makapi (magurudumu yenye mfereji ya kupitishia kamba) darini, na winchi moja ukutani inayovuta kamba zote kwa pamoja. Kama lako linatumia mikanda au winchi ya umeme, mengi yanakuhusu vilevile.

Hitilafu zinazoripotiwa mara kwa mara huanza na dalili ndogo ambayo mwenye jukwaa aliishinda kwa nguvu. Mkono wa winchi ulikuwa mzito, akauchomekea bomba ili uwe mrefu. Upande mmoja ulishuka, akarundika vitu upande wa pili. Ukiongeza nguvu, mzigo wa ziada hauishii kwenye winchi. Unakwenda kwenye kiungo dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi hicho ni bolti iliyo juu ya kichwa chako.

Kabla ya kugusa chochote

Shusha jukwaa hadi sakafuni, lipakue, kisha anza kukagua. Likigoma kushuka, usipande juu yake na usiingie chini yake. Liegemeze kwa nguzo za chuma za kurekebika, zile wanazotumia wajenzi kushikilia zege, ukizisogeza kutoka pembeni. Kama haliwezi kuegemezwa bila mtu kuingia chini, kazi hiyo ni ya fundi wa mitambo ya kunyanyulia.

Halafu piga hesabu ya uzito halisi, maana nusu ya matatizo yaliyo hapa chini huanzia kwenye hesabu iliyokosewa. Plaiwudi ya milimita 18 yenye ukubwa wa mita 1.2 kwa 1.8 ina takribani kilo 26 peke yake. Ongeza fremu, ndoano na bolti, jukwaa tupu linafika kilo 40 hadi 50. Ukipanga kuweka vitu vya kilo 120, winchi inavuta kama kilo 165. Kila kapi la bushi, yaani lisilo na beringi, hula takribani asilimia 5 ya nguvu, kwa hiyo kamba ikipita makapi matatu, winchi itavuta karibu kilo 190.

Dari nayo ina hesabu yake, na hii wengi hawaifanyi. Kama winchi iko ukutani na kamba zinateremka kwake kutoka darini, dari inabeba uzito wa jukwaa kwenye pembe na pia mvuto wa winchi kuelekea chini. Kilo 165 zinakuwa 330. Kapi linalogeuza kamba kwa nyuzi 90 hubeba mara 1.4 ya mvuto wa kamba, na hulivuta boriti kwa mshazari. Kapi kuu linalokusanya kamba zote nne kabla ya winchi ndilo linaloteswa kuliko yote, ingawa mara nyingi ndilo lililofungwa kwa skrubu mbili.

Dalili: upande mmoja unatangulia, au jukwaa limeinama

Usipime kutoka sakafuni. Sakafu ya gereji mara nyingi ina mteremko kuelekea mlangoni ili maji yatoke, hivyo jukwaa lililo sawa litaonekana limepinda. Tumia pimamaji ndefu au mpira wa maji unaoangaza. Inua jukwaa tupu sentimita 30, andika tofauti ya kila pembe, kisha rudia likiwa katikati ya safari na likiwa karibu na dari.

Vipimo hivyo vitatu vitakuonyesha pa kutafuta. Mwinamo usiobadilika unatokana na urefu wa kamba. Unaoongezeka kadiri jukwaa linavyopanda unatokana na ngoma ya winchi. Ukitokea jukwaa likiwa na mzigo tu, kuna kitu kinanyooka au kinapinda. Ukitokea wakati wa kushuka tu, kuna kapi lililokwama au pembe inayokwaruza ukuta.

*Kamba zinateleza kwenye klipu.* Klipu ni vibanio vya bolti vinavyofunga kitanzi cha kamba, na hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Piga alama ya rangi pale kamba inapotokea kwenye klipu ya mwisho, inua mzigo, shusha, uangalie. Alama ikiwa imesogea hata milimita 2, klipu haishiki. Kwanza angalia jinsi ilivyofungwa: upande wa tandiko, ule wenye mfereji, unatakiwa kukaa juu ya kamba inayobeba mzigo, na bolti ya U ikae juu ya mkia mfu, yaani ncha ya kamba isiyobeba mzigo. Zikigeuzwa, bolti ya U inaponda kamba hai na nguvu ya kiungo inashuka sana. Weka klipu tatu zikiachana mara sita ya unene wa kamba, yaani takribani milimita 24 kwa kamba ya milimita 4. Ndani ya kitanzi weka kile kipande cha chuma chenye mfereji kinachozuia kamba kukunjika. Kaza, inua mzigo kidogo, shusha, kaza tena. Kamba hupungua unene inapobanwa, kwa hiyo mkazo wa mara ya kwanza huwa haudumu.

Klipu za chuma cha kumiminwa zinazouzwa kwa bei ya chini hazifai kuning'iniza kitu juu ya watu. Chukua za chuma kilichofuliwa, au afadhali zaidi agiza kamba zenye vitanzi vilivyobanwa kwa mashine. Hata klipu nzuri iliyofungwa sawasawa inashika takribani asilimia 80 tu ya nguvu ya kamba.

*Kamba mpya inanyooka.* Kamba ya chuma iliyosokotwa hunyooka kati ya asilimia 0.25 na 0.5 nyuzi zake zinapojipanga. Kamba ya mita 6 inayokwenda pembe ya mbali inaweza kurefuka milimita 30, na ile ya mita 3 milimita 15. Ndiyo maana pembe iliyo mbali na winchi hushuka wiki za mwanzo. Si hitilafu. Sawazisha kwa vikazio vya skrubu vilivyo kwenye kila pembe, kisha vifunge kwa waya mwembamba visijifungue vyenyewe. Tumia vikazio vyenye matundu au pini pande zote mbili, maana vile vyenye ndoano hufunguka vikizidiwa. Ikiwa pembe inaendelea kushuka baada ya miezi miwili, rudi kwenye klipu au uangalie boriti.

Kamba za nailoni hazifai kazi hii. Hurefuka sana chini ya mzigo, na zile za polipropilini huendelea kurefuka polepole hata mzigo usipoongezeka.

*Kamba zinajikunja tofauti kwenye ngoma.* Hutokea kwenye majukwaa yenye mhimili mmoja na ngoma mbili, au ngoma moja inayokunja kamba nne pamoja. Ngoma ya milimita 50 yenye kamba ya milimita 4 huvuta takribani milimita 170 kwa mzunguko kwenye tabaka la kwanza, na karibu milimita 195 kwenye la pili. Kamba moja ikipanda tabaka la pili mapema kuliko mwenzake, pembe yake inatangulia milimita 25 kila mzunguko. Kurekebisha vikazio hapa ni kupoteza muda. Zikutanishe kamba nne kwenye bamba moja la chuma kabla ya winchi, na kutoka hapo kamba moja nene iende kwenye ngoma. Bamba hilo lazima liwe na nafasi ya kusafiri urefu wote wa kuinua: jukwaa likipanda mita 2, bamba linahitaji mita 2 za njia iliyo wazi kati ya kapi la karibu na winchi.

*Kamba moja ndefu inazunguka pembe zote.* Mpangilio huu unapendwa kwa kuwa hupunguza mvuto wa winchi, lakini hauna kitu kinachosawazisha jukwaa. Kamba inateleza huru, hivyo pembe yenye mzigo inashuka na nyingine inapanda mpaka vitu vimwagike. Hauna tiba zaidi ya kubadilisha mpangilio.

Kumbuka pia kwamba kwenye fremu ngumu, kamba nne hazigawani mzigo sawasawa. Kuna wakati mbili za kishazari zinabeba karibu wote na nyingine mbili zimelegea. Chagua kila kamba kwa nusu ya uzito wote, kisha gawa nguvu yake ya kukatika kwa 5 au zaidi. Kamba ya milimita 3.2 ya muundo wa 7x19 (misokoto saba, kila mmoja wenye nyuzi 19) hukatika karibu kilo 900, kwa hiyo ihesabu kama ya kilo 180, na pungufu kama inaishia kwenye klipu.

Dalili: jukwaa linashuka lenyewe, au mkono wa winchi unarudi

Acha kutumia jukwaa mpaka ujue sababu. Mkono wa winchi unaozunguka kwa kasi ya mzigo huvunja mfupa, na kujaribu kuudaka ndiko kunakoumiza watu.

Kipimo chake ni rahisi. Inua mzigo sentimita 10 tu kutoka sakafuni, chora mstari wa chaki kutoka ngoma hadi mwili wa winchi, subiri dakika 15. Mstari ukiachana, winchi inateleza. Mstari ukibaki pamoja na jukwaa limeshuka, tatizo liko kwenye kamba, klipu au dari.

Winchi ikiteleza, jua kwanza una winchi ya aina gani. Zile zenye gia ya meno na ulimi wa kuzuia pekee, za kuvutia mashua kwenye trela, hazina breki. Ukiinua ulimi ili kushusha, mzigo wote unahamia mkononi. Hiyo haitengenezwi, inabadilishwa. Kwa kuinua unahitaji winchi ya breki ya kujishika yenyewe au ya gia ya parafujo.

Kwenye winchi ya breki, sababu hufuatana hivi:

1. Kamba imekunjwa upande usio sahihi wa ngoma. Breki hujikaza mzigo unapovuta kwa mwelekeo mmoja tu. Angalia mshale kwenye mwili wa winchi. Mkono unapouzungusha kuinua lazima usikie tik-tik-tik, na unaposhusha sauti hiyo inakoma. Usipoisikia wakati wa kuinua, ulimi umeganda kwa grisi au springi yake imekatika.

2. Breki ina mafuta. Mtu aliamua kulainisha winchi na akapulizia kila kitu. Meno ya gia na bushi za mhimili ndizo zinazotaka grisi, lakini sahani za breki zinatakiwa kuwa kavu kabisa. Zikishalowa, zibadilishe. Kuzifuta kwa kitambaa hakuondoi mafuta yaliyoingia ndani.

3. Sahani zimechakaa au zinang'aa kama kioo. Hii mara nyingi ni kazi ya drili ya umeme iliyowekwa mahali pa mkono. Breki ya msuguano huungua ikishushwa mfululizo kwa kasi. Kama unataka drili, tafuta winchi ya gia ya parafujo ambayo mtengenezaji ameiandika kuwa inakubali drili.

4. Mzigo ni mwepesi mno. Breki nyingi za aina hii zinahitaji mvuto kidogo ili zishike, kwa hiyo jukwaa tupu linaweza kusita au kushuka kwa kurukaruka. Angalia kiwango cha chini kwenye kijitabu cha winchi.

Gia ya parafujo kwa kawaida haizunguki kinyume, ila mtetemo wa mlango wa gereji au wa gari unaweza kuisogeza kidogo kidogo kwa majuma. Kwa hiyo, bila kujali aina ya winchi, jukwaa likifika juu lazima likabidhiwe kwenye minyororo minne iliyofungwa kwenye boriti, kila mmoja ukiwa na ndoano yenye kifungo cha usalama. Mnyororo wa milimita 6 wa daraja la 80 umepewa kiwango cha kilo 1,120, zaidi ya unachohitaji. Mnyororo wa kawaida wa kufungia geti hauna kiwango cha kunyanyulia. Inua, tundika ndoano, teremsha sentimita moja mpaka minyororo ibebe. Ukitaka kushusha, inua kwanza. Mtu akijaribu kuchomoa ndoano kwa nyundo, ujue amesahau hatua hiyo.

Usifungue breki ya winchi na kujaribu kuifua, kuipasha moto au kuichonga upya. Ama weka sahani za mtengenezaji, ama nunua winchi nyingine.

Dalili: linakuwa zito, hasa karibu na dari

Likiwa zito tangu mwanzo hadi mwisho, angalia makapi. Legeza kamba, zungusha kila kapi kwa kidole. Likisita au likitoa sauti ya mchanga, bushi imekauka au pini imepinda. Kapi la beringi hupunguza mzigo wa mkono waziwazi. Angalia pia kwamba kapi linatazama mwelekeo wa kamba. Likikaa kwa mshazari, kamba inasugua ukuta wa mfereji na kuacha unga wa kijivu.

Likiwa jepesi chini na zito juu, sababu ya kwanza ni kamba zisizosimama wima. Makapi yakiwa yameachana zaidi ya pembe za jukwaa, kamba zinalala kadiri jukwaa linavyokaribia dari. Kwa mwinamo wa nyuzi 30 kutoka wima, mvuto unapanda asilimia 15. Kwa nyuzi 45, asilimia 41. Kwa nyuzi 60, unakuwa mara mbili. Jukwaa linaloacha sentimita 20 chini ya dari na makapi yaliyozidi sentimita 20 kila upande limefika nyuzi 45. Sogeza makapi. Timazi iliyoning'inizwa kwenye ukingo wa kapi inatakiwa iangukie kwenye tundu la pembe.

Sababu ya pili ni tabaka za ngoma. Kiwango kilichobandikwa kwenye winchi ni cha tabaka la kwanza. Ngoma ya milimita 50 ikifika tabaka la tatu, mkono unahitaji nguvu karibu asilimia 30 zaidi kwa mzigo uleule.

Ya tatu, tazama juu: huenda jukwaa linagusa taa, bomba au reli ya mlango wa gereji. Reli hizo na springi zake usizifungue. Springi ya mlango imekazwa kwa nguvu inayoweza kuua, na kuihamisha ni kazi ya fundi wa milango. Usifunge kapi lolote kwenye reli ya mlango.

Dalili: kamba inatoka kwenye kapi au inajikunja ovyo kwenye ngoma

Mara nyingi jukwaa lilifika sakafuni na mkono ukaendelea kuzungushwa. Kamba ikalegea, ikaruka. Acha kuzungusha jukwaa likigusa chini, na tumia makapi yenye kizuizi kinachofunika mfereji. Piga kamba rangi mahali inapofika kwenye winchi jukwaa likiwa chini, ili anayezungusha ajue. Mizunguko isiyopungua mitatu ibaki kwenye ngoma wakati huo. Ile bolti ndogo inayoshika ncha ya kamba haikutengenezwa kubeba mzigo.

Kama kamba inarundikana upande mmoja wa ngoma bila kulegea, kapi la kwanza liko karibu mno. Kwa ngoma laini, kamba isipinde zaidi ya nyuzi 1.5 kutoka katikati, nayo ni sawa na umbali wa mara 19 ya upana wa ngoma. Ngoma ya sentimita 10 inataka karibu mita 1.9. Gereji fupi haikupi nafasi hiyo, basi geuza njia ya kamba au tumia ngoma nyembamba zaidi.

Kapi dogo nalo linaua kamba taratibu. Kwa kamba ya 7x19 ya milimita 4, lenga kapi la milimita 80, yaani mara 20 ya unene. Makapi ya milimita 30 ya kuanikia nguo yanakunja kamba kiasi cha kuvunja nyuzi za ndani kabla hujaona lolote nje.

Kukagua kamba, pitisha kitambaa, usitumie mkono mtupu. Nyuzi zilizokatika zitakishika. Ikiwa ina mkunjo wa kona uliobaki, imevimba kama kizimba cha ndege, imepondeka, au ina nyuzi zilizokatika karibu na kitanzi, iondoe yote. Kamba iliyonyooshwa kwa nyundo imeshakufa hata kama inaonekana sawa.

Dalili: linayumba, linalia

Kuyumba kidogo ni tabia ya kitu kilichoning'inizwa. Kukizidi, punguza kasi, weka vitu vizito katikati na chini, na ufunge mikanda. Mlio mkali wa chuma ni kapi kavu. Mlio wa "tak" mmoja mmoja jukwaa linapopanda mara nyingi ni kamba inayopandana kwenye ngoma. Mlio wa mbao juu ya dari ni wa kundi lingine, soma sehemu ya dari inayopinda hapa chini.

Dalili za winchi ya umeme

Chomoa plagi kwanza, kila mara.

*Haiwaki kabisa.* Kitufe chekundu cha dharura kimebonyezwa, mkono wa swichi ya kikomo umekwama juu, au kinga ya joto imekata. Winchi ndogo nyingi zimeandikwa S3 20% kwa dakika 10, maana yake dakika 2 za kazi, dakika 8 za kupumzika. Iache ipoe nusu saa.

*Inavuma bila kuzunguka.* Mzigo umezidi, waya wa kurefushia ni mwembamba mno, au kapasita imekufa. Jaribu bila mzigo, ikiwa imechomekwa moja kwa moja ukutani. Ikivuma tena, mwite fundi umeme, kwa sababu kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa nje.

*Inabeba nusu ya ilivyoandikwa.* Soma kibandiko tena. Ile namba kubwa ni ya kamba mbili, ikitumika ndoano ya kapi. Kwa kamba moja kiwango ni nusu.

*Kitufe cha kushusha kinainua.* Hii ni hatari kuliko inavyoonekana. Kamba ilishushwa mpaka ngoma ikaisha, motor ikaendelea kuzunguka na kuikunja kinyume. Sasa swichi ya kikomo cha juu haifanyi kazi, kwa sababu motor inainua kupitia waya wa kushusha. Usiendelee kwa kubadilisha maana ya vitufe kichwani. Shusha mzigo, fungua kamba yote, ikunje upya kwa mwelekeo sahihi.

*Haisimami ikifika dari.* Winchi hizi zimetengenezwa kuning'inia na kuinua wima, na husimama kizuizi kilicho kwenye kamba kinapogonga mkono wa swichi. Kwenye jukwaa la gereji kamba imepitishwa kwenye makapi, hivyo jukwaa linagonga dari kabla kizuizi hakijafika. Motor haijui, inaendelea kuvuta, na kinachong'oka ni bolti. Hamisha kizuizi ili kigonge swichi jukwaa likiwa bado sentimita 10 hadi 15 chini ya dari, kisha ujaribu likiwa tupu, mkono ukiwa kwenye kitufe cha dharura.

Ikiwa kivunja umeme kinakata mara kwa mara, au mwili wa winchi unakupiga shoti hata kidogo, usiuchomeke tena kabla fundi umeme hajapima waya wa ardhi.

Dalili: dari inapinda, nyufa, bolti inatokeza

Shusha jukwaa sasa hivi, kama linashuka bila kusita. Hakuna dalili nyingine hapa inayozidi hii.

Kwa boriti za mbao, vuta uzi chini ya boriti kutoka mwisho hadi mwisho na upime pengo katikati, jukwaa tupu na lenye mzigo. Boriti ya mita 4 ikishuka zaidi ya milimita 11, sawa na urefu wake ukigawanywa kwa 360, imezidiwa. Ikishuka kidogo lakini isirudi baada ya kupakua, hali ni mbaya zaidi. Chanzo cha kawaida ni makapi yote kufungwa kwenye boriti moja au mbili. Tandaza mzigo: funga mbao nene au chuma cha mfereji kinachokatiza boriti tatu au nne, na makapi yafungwe hapo. Bolti inayopita ng'ambo yenye washa pana inashinda skrubu ya mbao, hasa kwenye makapi yanayovutwa kwa mshazari. Kama ni skrubu, ziingie katikati ya unene wa boriti, kwenye tundu lililotobolewa kwanza. Ufa unaofuata nyuzi za mbao kutoka kwenye skrubu hauzibwi kwa gundi.

Kenchi za paa ni habari tofauti. Mbao yake ya chini imepigiwa hesabu ya kubeba dari na kuzuia paa kusukuma kuta, na mara nyingi hakuna nafasi iliyoachwa kwa ajili ya stoo. Usining'inize jukwaa kwenye kenchi bila mhandisi wa miundo kuipigia hesabu, na usiikate wala kuitoboa kwenye bamba za viungo.

Kwa zege, bolti ya kutanuka inayolegea kwa kawaida imeshika plasta badala ya zege, au tundu halikusafishwa vumbi. Inaweza pia kuwa iko karibu mno na ukingo. Usiikaze zaidi, toboa sehemu mpya. Bolti za kutanuka hazifai kwenye bloku zenye uwazi ndani. Kama sakafu ya juu ina nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege, usitoboe kabisa. Kukata waya mmoja kunaweza kuharibu sehemu kubwa ya jengo.

Mwite mhandisi ukiona ufa mpya wa zege unaozunguka bolti, mbao zilizoliwa na mchwa au kuoza, au boriti ambayo hujui imeishia wapi.

Kujaribu baada ya matengenezo

Tumia madumu ya maji: lita 20 ni kilo 20, kisha ongeza uzito wa dumu lenyewe. Inua jukwaa tupu hadi juu mara tatu. Kisha weka robo ya mzigo, nusu, robo tatu, wote, na mwisho asilimia 125, kila mara ukiinua sentimita 10 tu na kusubiri. Kwenye hatua ya mwisho subiri nusu saa, angalia chaki ya ngoma, rangi za klipu, uzi wa boriti na bolti zote. Ikiwa asilimia 125 inavuka kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa chochote kati ya winchi na dari, mzigo uliopanga ni mkubwa mno. Punguza, na uandike uzito mpya kwa rangi kwenye ukingo wa jukwaa.